Kuchagua vifaa vya kubebeka vya kuwashia injini za ndege ndogo: niliyojifunza nikiwa Dodoma

Anayerusha ndege ndogo za kuongozwa kwa redio akiwa Dodoma hulazimika kufikiria mzigo kabla ya kufikiria ndege. Uwanja wa ndege wa zamani uko katikati ya jiji, ule mpya wa Msalato uko upande wa kaskazini, na viwanja vya makazi vimepimwa karibu kila upande. Kwa hiyo eneo la wazi ambalo mtu anaweza kuliombea kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ambalo wenyeji wake wanaridhia, huwa mbali na nyumbani. Sisi hurushia upande wa Hombolo, kwenye uwanda ulio baada ya mashamba ya uwele na mtama, mahali ambapo bodaboda hutushusha kwenye njia ya ng'ombe na sehemu iliyobaki tunaimaliza kwa miguu. Huko hakuna soketi ya umeme wala duka, na gari la kuegesha pembeni ili tuchote umeme wa betri yake hatuna. Kila kinachohitajika ili injini iwake lazima kiwe kimebebwa.

Kuishi na hali hiyo kumenipa msimamo ambao ninaushikilia kwa dhati: vifaa vya kuwashia vichaguliwe kwa kuanzia kwenye plagi ya injini, zifuate zana za kuzungushia injini, na betri kubwa ije mwisho. Wengi wanaoanza hufanya kinyume. Huenda dukani, wakaona betri ya volti 12, wakainunua kwa kuwa ndiyo inayopatikana, kisha wakalazimisha vitu vingine vyote viifuate.

Injini ninazozizungumzia ni zile ndogo za mapigo mawili, za sentimita za ujazo kati ya 2.5 na 10, zinazotumia mafuta ya methanoli yaliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, mara nyingi yakiwamo mafuta ya nyonyo, na nitromethani kiasi. Injini hizi hazina cheche. Plagi yake ina kinyaya cha platini kilichosokotwa, ambacho hupashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha tu. Injini ikishawaka, joto la mlipuko uliopita pamoja na jinsi platini inavyofanya kazi na mvuke wa methanoli hukifanya kinyaya kibaki chekundu chenyewe, na betri huondolewa. Anayelielewa jambo hili huona mara moja kwamba anahitaji vitu viwili ambavyo tabia zake hazifanani: volti ndogo sana yenye ampea za kutosha kwa ajili ya plagi, na nguvu kubwa ya muda mfupi kwa ajili ya kuzungusha injini.

Plagi huhitaji kati ya volti 1.2 na 1.5, na humeza takriban ampea 3. Hapo ndipo betri nyingi zinaposhindwa. Betri za tochi za kawaida zina volti 1.5, lakini ukizidai ampea 3 volti hushuka papo hapo na kinyaya kinabaki na wekundu hafifu usiowasha kitu. Seli ya nikeli inayochajiwa upya, ile nene ya volti 1.2, hutoa ampea hizo bila kulegea, na yenye uwezo wa miliampea-saa 3,000 au zaidi inaweza kupasha plagi kwa karibu saa nzima ya matumizi halisi. Kwa kuwa kuwasha injini iliyo katika hali nzuri ni suala la sekunde chache, chaji moja inatosha kwa asubuhi kadhaa.

Seli hizo hazihitaji kuagizwa kutoka nje. Drili na bisibisi za umeme za betri, hasa za zamani, zina pakiti zilizofungwa seli za aina hiyohiyo, na drili inapotupwa kwa sababu pakiti imechoka, mara nyingi ni seli moja au mbili tu zilizokufa. Niliipeleka pakiti ya namna hiyo kwa fundi mmoja pale Majengo, ambaye kazi yake ya kila siku ni simu na kompyuta mpakato, nikamwomba achague seli nzima na kuilehemu kwenye kiwashio changu, yaani kifaa kinachoshika plagi na kuipa umeme wa kuipasha moto. Aliitazama seli ile nene kwa huruma, akafungua droo na kutoa seli ya lithiamu.

"Mwalimu, hii ya kompyuta ina nguvu mara tatu ya hiyo," alisema. "Kwa nini nisikufungie hii moja tu?"

Nilimweleza kwamba nguvu hiyo ndiyo tatizo, kwa sababu seli ya lithiamu ina volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Nilikuwa na plagi ya zamani iliyochakaa, nikampa aijaribu mwenyewe. Aliigusisha kwenye seli yake; kinyaya kikametameta kwa mwanga mweupe, halafu kikazima, na alipokichungulia kwa lenzi yake ya kazi akaona kimekatika katikati. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe kinataka volti ndogo, ampea nyingi." Kisha akazipima seli za drili moja baada ya nyingine, akinionyesha ile iliyoshikilia volti 1.2 hata ilipobebeshwa mzigo, na hiyo ndiyo aliyoilehemu. Ninaieleza habari hii kwa sababu fundi mzuri wa mtaani anaweza kukutengenezea kiwashio bora kuliko vingi vya dukani, mradi umpe vipimo, na vipimo vyenyewe ni hivyo viwili tu.

Jambo ambalo ningependa kila anayenunua kiwashio alisisitize ni mita. Kiwashio chenye mita ndogo ya ampea huzungumza na mtumiaji. Sindano ikilala kwenye sifuri, ama kinyaya kimekatika ama kichwa cha kiwashio hakijashika vizuri. Ikisimama mahali pake, plagi ni nzima na inapata moto. Ikipanda kuliko kawaida, mara nyingi kinyaya kimelowa mafuta, kwa kuwa kinyaya kilichopoa kwa mafuta huvuta umeme zaidi, na hiyo ni dalili kwamba injini imejaa mafuta. Bila mita, mtu hulazimika kuifungua plagi na kuitazama ikiwaka, na katika jua la Dodoma la saa nne asubuhi wekundu ule hauonekani mpaka uukinge kwa kofia. Mita ni kitu kidogo, haina uzito wa kuutaja, na inaokoa muda wote ambao vinginevyo hupotea katika kubahatisha.

Watu wengine hupenda kibao kimoja cha kugawa umeme, kinachofungwa kwenye betri ya volti 12 na kutoa umeme wa plagi, wa stata (mota ya mkononi ya kuzungushia injini) na wa pampu ya mafuta kwa pamoja. Kwa mwenye gari na meza uwanjani ni kifaa kizuri. Kwa anayetembea sikipendekezi, na sababu yangu ni ya kiufundi kuliko ya uzito. Stata inapobanwa kwenye injini huvuta ampea 20, 30 au zaidi kwa kitambo, na volti za betri ndogo hudidimia wakati huohuo. Kama kibao ni cha aina rahisi, umeme wa plagi nao hushuka katika sekunde ileile ambayo injini inauhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Matokeo ni injini inayozunguka kwa kasi na haiwaki, na mtu anayedhani mafuta yake ni mabovu. Plagi yenye seli yake mwenyewe haijui kinachotokea kwenye stata. Zaidi ya hayo, betri kubwa ikiisha, mwenye kiwashio cha pekee bado anaweza kuwasha kwa kijiti na kuendelea kurusha.

Kijiti hicho kisidharauliwe. Ni kipande cha mti kilichovishwa bomba nene la raba, ambacho mtu hukitumia kupiga propela badala ya kidole, na kwa injini ya sentimita za ujazo 2.5, hata ya 7.5 iliyotengenezwa vizuri, kinatosha kabisa. Mpwa wangu, ambaye huja nami karibu kila mara, huwasha kwa kijiti cha mkole alichokikata mwenyewe. Ninamshauri anayeanza aanze na kiwashio chenye mita na kijiti, arushe msimu mmoja hivyo, ndipo aamue kama stata inamfaa. Vitu hivyo viwili vinaingia kwenye mfuko wa shule.

Injini ya sentimita za ujazo 10, au ile mpya ambayo bado imekaza, ndiyo inayoihalalisha stata. Stata ya kawaida ya mkononi ni mota ya volti 12 yenye uzito wa karibu kilo moja na koni ya raba mbele, inayobanwa kwenye pua ya propela. Ninapoichagua ninaangalia mambo machache: koni iwe ya kubadilishika, kwa sababu mchanga wetu huila, swichi iwe imefunikwa, na kaboni za mota ziweze kufikiwa kwa kufungua skrubu mbili, maana kaboni hukatwa na kusuguliwa na fundi yeyote wa stata za pikipiki, lakini mota iliyozibwa kwa ripiti itakulazimisha ununue nyingine. Viunganishi vya nyaya viwe vya aina isiyoweza kuingizwa kinyume. Stata iliyogeuziwa chanya na hasi huzungusha injini upande usio wake.

Sasa betri. Ile inayopatikana kirahisi zaidi Dodoma ni betri kavu ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo hutumika kwenye vifaa vya kulinda kompyuta umeme unapokatika. Ni ya bei ya kuvumilika, haimwagi tindikali ikilala ubavu kwenye pikipiki, na ina uzito wa kilo mbili na zaidi kidogo. Udhaifu wake ni kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya ampea 30. Inazitoa, lakini volti hushuka sana, na zile ampea-saa 7 zilizoandikwa juu yake hupungua mno inapotumiwa kwa kasi hiyo. Betri ya pikipiki hustahimili stata vizuri zaidi, ila yenye maji haifai kubebwa mgongoni. Betri ya gari ni kilo kumi na kitu, na kwa safari yetu haina nafasi.

Pakiti ya lithiamu-polima ya seli tatu, ya miliampea-saa 2,200, ina uzito usiofika robo kilo na huzungusha stata kwa nguvu kuliko betri kavu, kwa kuwa volti zake hazidondoki kwa urahisi. Nimeitumia na ninaikubali, lakini kwa masharti ambayo katika mazingira yetu si madogo. Haitaki joto. Ukiiacha kwenye sanduku jeusi lililoanikwa juani mwezi wa Oktoba inaweza kuvimba. Iliyovimba au kutobolewa inaweza kushika moto. Inahitaji chaja yake maalumu inayosawazisha seli, na isipotumika ihifadhiwe ikiwa na karibu volti 3.8 kwa kila seli. Aliye na nidhamu ya kufanya hayo yote atafurahia wepesi wake.

Ninayoipendelea mimi ni lithiamu ya fosfeti ya chuma, ya seli nne, volti 12.8. Ni nyepesi kuliko betri kavu, inavumilia joto kuliko lithiamu-polima na haishiki moto kirahisi. Wauzaji wa vifaa vya sola wameanza kuifahamu. Hata hivyo mnunuzi awe mwangalifu: pakiti za taa za sola huwa na saketi ya ulinzi ndani yake inayokata umeme ampea zikizidi kiwango, na kiwango hicho mara nyingi ni kidogo kwa kuwa taa hazihitaji zaidi. Ukiifunga kwenye stata itatoa mlio mmoja wa mota na kunyamaza, nawe utadhani stata imekufa. Kabla ya kulipa, soma ampea za juu zinazoruhusiwa. Kama hazifiki 30, iache kwa ajili ya taa.

Majira yetu ya mwaka nayo yanaingia katika uamuzi huu. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua hufanya udongo mweusi wa mbugani ushindwe kupitika, na vifaa hukaa ndani wiki baada ya wiki. Betri kavu iliyowekwa kabatini ikiwa imepungua chaji hujenga ugumu juu ya sahani zake za risasi na haitarudi tena katika uwezo wake. Hiyo ndiyo sababu betri nyingi huonekana zimekufa "bila kutumika". Anayeichagua akubali kuichaji angalau kila mwezi, hata kama harushi. Paneli ya sola ya wati 20 yenye kidhibiti chake hutoa ampea moja hivi juani, kiasi ambacho ni cha upole kwa betri ya ampea-saa 7, na siku moja ya jua la hapa kwetu hukaribia kuijaza.

Nigusie mwinuko, kwa kuwa unawafanya watu wanunue stata kubwa kuliko wanayoihitaji. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Kijitabu kinachokuja na injini hutaja mizunguko ya kufungua sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta, bila kuufikiria mwinuko wetu. Ukiifuata kama ilivyo, injini hupata mafuta mengi kuliko hewa, hulowesha plagi, hutoa moshi mara moja na kuzima. Tiba yake ni kufunga sindano kidogo kidogo. Stata yenye nguvu zaidi haiwezi kurekebisha mchanganyiko mbovu, na inaweza kuvunja kitu.

Kitu hicho ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na mhimili wa injini. Mafuta yakijaa juu ya pistoni hayashindiliki kama hewa. Ukibana stata wakati huo, nguvu yote huishia kwenye konrodi, ambayo hupinda au kukatika. Kwa sababu hiyo kwetu stata haiguswi kabla ya propela kuzungushwa kwa mkono, kiwashio kikiwa bado hakijawekwa. Mpwa wangu hufanya hivyo polepole, akiisikiliza injini kwa vidole. Asubuhi moja ya Juni, saa ambayo baridi huchelewesha mafuta kugeuka mvuke na mtu hushawishika kuongeza, propela iligoma katikati ya mzunguko.

"Mjomba, imekaza hapa juu," alisema, na hakulazimisha.

Alifungua plagi kwa spana, akaiinamisha ndege ili silinda itazame chini, akazungusha tena. Mafuta yakaruka kwa mshindo mdogo na kuchora mstari mweusi kwenye vumbi, mara ya pili yakatoka matone, mara ya tatu hewa tupu. Akafuta plagi, akaijaribu kwenye kiwashio chini ya kivuli cha kofia, akairudisha. Iliwaka kwa mguso mfupi wa stata. Spana ya plagi, kwa hiyo, ni sehemu ya vifaa vya kuwashia sawasawa na betri, na plagi mbili mpya za akiba pia.

Kuhusu sanduku, ninataka lenye kifuniko kinachobana na sehemu mbili zisizopakana: umeme upande mmoja, mafuta upande mwingine. Methanoli ni sumu, hupenya ngozi, huvuta unyevu wa hewa ikiachwa wazi, na moto wake hauonekani kwa urahisi juani. Mtu anaweza kusimama karibu na mafuta yanayowaka asione kitu zaidi ya hewa inayotetemeka. Cheche ya swichi ya stata isikutane na mvuke wake. Tunabeba lita moja tu katika chupa ya plastiki ngumu, na badala ya pampu ya umeme tunatumia bomba kubwa la sindano la mifugo kutoka duka la pembejeo, lenye mpira mwembamba mdomoni. Raba yake huchoka baada ya muda, lakini ni rahisi kubadilisha, na betri imepunguziwa kazi moja. Koni ya stata tunaivisha soksi safi, kwa kuwa chembe ya mchanga iliyonasa kwenye raba yenye mafuta ya nyonyo huenda ikaingia kwenye kabureta injini inapovuta.

Kabla ya kubana stata, mmoja wetu huishika ndege kwa nyuma, na kiwashio huondolewa kwa mkono unaotoka nyuma ya propela, kamwe si kwa kupita mbele yake. Kiwashio chenye shingo ndefu kinafaa kwa sababu hiyo peke yake, na kwa injini iliyofichwa ndani ya bodi ni afadhali kuvuta waya wa plagi hadi ubavuni mwa ndege.

Anayefikiria injini ya petroli ya sentimita za ujazo 20 au zaidi ajue kwamba orodha yake inabadilika kabisa. Plagi yake ni ya cheche, na betri ya cheche hukaa ndani ya ndege yenyewe, kwa hiyo kiwashio hakihitajiki. Mafuta yake ya msingi yanapatikana kwenye kituo chochote, hata Chamwino au Kongwa, yakichanganywa na oili ya mapigo mawili. Stata ya injini ya 10 haiwezi kuizungusha, na ile inayoiweza pamoja na betri yake ni mzigo wa gari. Wanaoziwasha kwa mkono huvaa glavu nene ya ngozi, hufunga choki, hupiga propela mpaka injini itoe mlipuko wa kwanza, hufungua choki na kupiga tena. Kwa aliye na bodaboda na miguu yake, hiyo ni njia nyepesi kuliko zote, ila ndege inayobeba injini hiyo ndiyo itakayokuwa kubwa kuliko bodaboda inavyoweza kubeba.